Nguvu farasi 1,000 zimepimwa wapi?

Ndugu Mhariri,

Ukurasa wenu wa magari umechapisha tathmini ya Chevrolet Camaro ZL1 iliyofanyiwa kazi na karakana ya Hennessey kule Sealy, Texas, ile inayouzwa kwa jina la Exorcist. Picha zimependeza, na mwandishi ana haki ya kushangilia. Kuichukua V8 ya lita 6.2 yenye nguvu farasi 650 za kiwandani na kuifikisha 1,000 si kazi ya mchana mmoja. Shida yetu ni kwamba tathmini nzima imesimama juu ya namba tatu: farasi 1,000, maili 217 kwa saa, na robo maili chini ya sekunde 10. Msomaji anaachwa aamini kuwa zote zimetoka kwenye gari lile lile likiwa na tairi zile zile. Haziwezi, na tutaeleza kwa nini.

Tuanze na hiyo 1,000. Ni nguvu ya kwenye kranki, yaani mhimili wa injini unaozungushwa na pistoni, kabla giaboksi, propela na difu havijala sehemu yake. Mafundi wengi hukadiria kwamba asilimia 15 hupotea njiani, kwa hiyo gari la farasi 1,000 likiwekwa juu ya rola za daino, mashine ya kupimia nguvu, litaonyesha kama 850 kwenye magurudumu. Asilimia 15 ni makadirio tu, si sheria. Rola nzito zinazopima kwa kuzungushwa bila breki hutoa namba kubwa kuliko daino yenye breki ya umeme inayolikaba gari. Kisha kuna marekebisho ya hali ya hewa. Kipimo cha SAE J1349, cha chama cha wahandisi wa magari, hurekebisha matokeo yaendane na hewa ya nyuzi 25 na shinikizo la kilopaskali 99. Kile cha zamani kinachoandikwa STD hutumia hewa ya nyuzi 15.5 hivi na shinikizo la juu zaidi, na matokeo yake hupanda kwa karibu asilimia 4. Kwa gari hili, asilimia 4 ni farasi 40 zilizopatikana kwa kubofya kitufe. Karatasi ya daino huandika pembeni ni SAE au STD. Mwandishi aliyeiona karatasi hiyo angetuambia.

Aseme pia gia iliyotumika. ZL1 ya otomatiki ina gia 10, na ya 7 ndiyo inayopitisha mzunguko moja kwa moja, kwa hiyo ndiyo ya kupimia. Lakini kwa difu yenye uwiano wa 2.85, injini ikifika mizunguko 6,400 kwa dakika kwenye gia hiyo, tairi linakwenda kama kilomita 290 kwa saa likiwa juu ya rola, gari limefungwa kwa mikanda. Wengi hawathubutu, wanapima kwenye gia ya chini yake, na matokeo hayafanani. Vipimo viwili vya gia tofauti havilinganishwi, hata kama daino ni moja.

Ipo njia ya kumkagua muuzaji bila kuiona daino yake. Kwenye mbio za robo maili, sekunde humpima dereva, tairi na lami. Kasi ya kuvukia mstari wa mwisho ndiyo inayoipima injini. Chukua kasi hiyo kwa maili, gawanya kwa 234, matokeo yapeleke kwenye kipeo cha tatu (namba ile mara yenyewe mara yenyewe), kisha zidisha kwa uzito wa gari na dereva kwa ratili. ZL1 ya kiwandani ikiwa na dereva ina ratili kama 4,100, na huvuka mstari kwa maili 127 hivi. Hesabu inakupa farasi 655, karibu sawasawa na 650 zinazotangazwa. Kwa hiyo gari lile lile likiwa kweli na farasi 1,000 linapaswa kuvuka kwa maili 146 au zaidi kidogo. Likivuka kwa 138, lina farasi kama 840, na hata likiwa limetumia sekunde 9.8 kwa sababu ya tairi laini, 1,000 hazipo. Tathmini yenu imetaja sekunde ikaiacha kasi.

Sasa twende chini ya boneti. Injini hii inaitwa LT4. Supachaja yake ya kiwandani, yaani pampu inayoisukumia hewa ya ziada, ni Eaton ya lita 1.74, na mwisho wake ni mizunguko 20,000 kwa dakika. Njia ya mkato ni kuifungia puli ndogo ili izunguke kwa kasi zaidi. Piga hesabu: puli zikiwa na uwiano wa 3.0 na injini ikafika 6,600, supachaja inazunguka 19,800. Tayari imefika ukingoni. Ukiipunguza puli tena, kinachoongezeka ni joto kuliko hewa. Ndiyo maana anayetafuta 1,000 kwa uhakika hubadilisha supachaja yenyewe akaweka kubwa, mara nyingi ya lita 2.65 kwenda juu. General Motors wenyewe, wenye Chevrolet, walifanya hivyo. Walipotaka farasi 755 kwa Corvette ZR1 ya mwaka 2019, hawakubana puli ya LT4. Walitengeneza injini ya LT5 yenye supachaja kubwa kwa zaidi ya nusu, wakaongeza na nozeli za pili za petroli. Kiwanda kilihitaji vyote hivyo kwa farasi 105 za ziada. Anayedai 350 za ziada kwa puli na programu peke yake aulizwe maswali marefu.

Supachaja ya kiwango hiki hula zaidi ya farasi 100 ili izunguke, na zote hupitia kwenye mkanda mmoja. Mkanda ukiteleza, utaona shinikizo linapanda hadi mizunguko 5,000 hivi, halafu badala ya kuendelea kupanda linashuka huku injini ikizidi kulia. Ukifungua boneti utakuta vumbi jeusi la mpira karibu na puli. Dawa yake ni mkanda mpana wa mifereji 10 pamoja na puli zake, na kikaza-mkanda kigumu zaidi. Wapo wanaokaza kupita kiasi mkanda ule ule wa zamani. Hao huua beringi za supachaja.

Kuna jambo la kranki ambalo wauzaji wengi hawalitaji. Puli kubwa ya mbele kwenye injini hii haikushikwa kwa ufunguo wa chuma, kile kipande cha kuizuia isiteleze; imeshindiliwa kwa nguvu na kubanwa kwa bolti moja. Kwa farasi 650 inatosha. Supachaja kubwa ikianza kuivuta, puli inaweza kuteleza juu ya kranki, na kuanzia hapo hakuna wa kukuhakikishia kama itabaki mahali pake. Kazi sahihi ni kutoboa tundu kati ya puli na kranki na kupigilia pini, kisha kufunga bolti mpya. Ile ya zamani hairudishwi, kwa sababu hurefuka inapokazwa. Pini ni bei ndogo sana ukilinganisha na kranki. Mwandishi angeuliza tu kama imepigwa, ndiyo au hapana, jibu lingemwambia mengi kuhusu karakana.

Petroli ndiyo inayoua injini nyingi za namna hii, kwa hiyo tutakaa hapo kidogo. Injini yenye supachaja ikiwa inavuta farasi 1,000 hutumia kama lita 6 hadi 6.6 za petroli kila dakika. Tangi la Camaro ni lita 72, yaani likikanyagwa hadi mwisho bila kuachiwa linakauka kwa dakika 11 hivi. Ukitumia E85, ile yenye ethanoli hadi asilimia 85, ongeza theluthi moja au zaidi. Pampu ya tangi ya kiwandani haikuundwa kwa mtiririko huo. LT4 pia hunyunyiza petroli moja kwa moja ndani ya silinda kwa shinikizo la baa 200, kwa pampu ya pili inayosukumwa na kemshafti, mhimili unaofungua valvu. Pampu hiyo ina kiasi chake kwa kila mzunguko, na haiongezeki kwa maombi. Fundi anaweza kufunga kemshafti yenye nundu ndefu zaidi ya kuisukuma pampu, au pampu na nozeli kubwa, au kuongeza nozeli nane za ziada kwenye njia ya hewa pamoja na kompyuta ya kuziendesha. Exorcist ina mfumo wa ziada wa petroli, na hilo ni la kupongezwa, lakini tathmini yenu haikusema ni wa aina gani.

Upungufu ukitokea hauonekani kwa macho. Unaonekana kwenye rekodi ya kompyuta. Hadi mizunguko 5,200 shinikizo la petroli limekaa 200. Kwenye 5,800 limeshuka 160. Kwenye 6,300 ni 130. Mchanganyiko wa hewa na petroli uliokuwa lambda 0.80, yaani mzito kwa petroli kama unavyotakiwa, unafika 0.88, yaani petroli imepungua, na kompyuta inaanza kurudisha nyuma muda wa cheche kwa sababu sensa za kugonga zimesikia sauti ya petroli kulipuka ovyo ndani ya silinda. Dereva hasikii kitu, gari bado linakwenda. Baada ya mikimbio kadhaa ukingo wa pistoni kati ya ringi unavunjika, na moshi wa buluu unatoka. Mwenye gari atasema limekufa ghafla, lakini rekodi ingemwonyesha mapema.

Hapo hapo tuwaombe msahihishe jambo moja. Makala inasema gari linahitaji petroli ya 93, kisha inaongeza kwamba "hata huku ipo". Hiyo 93 ni ya pampu za Marekani, ambako namba ni wastani wa vipimo viwili vya uwezo wa petroli kuhimili mbano bila kugonga, RON na MON. Huku kwetu na Ghuba namba ya pampu ni RON peke yake. 93 ya Texas inakaribia RON 98. Wasomaji wenu wa Dubai na Muscat waelewe kwamba inayolingana nayo ni ile ya 98, si 95, na msomaji wa Mombasa au Dar es Salaam asijaze petroli ya kawaida akidhani maandishi yamekubaliana. LT4 ina mbano wa 10 kwa 1, juu yake supachaja. Ikitiwa petroli hafifu na programu iliyoandikwa kwa 98, itagonga siku hiyo hiyo.

Ndani ya injini, LT4 inatoka kiwandani na pistoni za kufuliwa na konrodi nzuri, ndiyo maana wengi huthubutu kuifikisha farasi 800 hivi bila kuifungua. Kwenye 1,000 mambo hubadilika. Ringi hupata moto na kurefuka. Nafasi kati ya ncha zake ikiwa ndogo, ncha hugusana na ringi huchana ukuta wa silinda. Kwa silinda ya milimita 103.25 yenye mzigo huu, nafasi huachwa karibu milimita 0.6. Plagi huwekwa za baridi zaidi kwa daraja moja au mawili, na mwanya wake hupunguzwa hadi kama 0.7, la sivyo shinikizo huipuliza cheche ikazimika na gari linakohoa kwenye mizunguko ya juu. Springi za valvu na fimbo za kusukumia valvu nazo lazima zibadilishwe pamoja na kemshafti. Karakana ikikuuzia kemshafti bila springi, ondoka.

Joto ni habari nyingine. Hewa ya nyuzi 30 ikisukumwa hadi mara mbili ya shinikizo lake hutoka kwenye supachaja ikiwa na nyuzi 120 au 130. Intakula ya maji, yaani kipozahewa, ndiyo inayoirudisha chini, na maji hayo hupata joto polepole kadiri unavyorudia. Mkimbio wa kwanza asubuhi injini ina nguvu zake zote. Wa nne, hewa inayoingia kwenye silinda imepita nyuzi 60, kompyuta imepunguza cheche, na farasi 80 au 100 zimetoweka. Kwenye viwanja vya mbio wapo wanaojaza barafu kwenye tangi la intakula. Hakuna ubaya, lakini namba iliyopatikana kwa barafu isichapishwe kama ya barabarani. Tathmini ya maana hurudia mkimbio mara tano bila kupumzisha gari, kisha huandika ya kwanza na ya mwisho. Kwa msomaji wa Ghuba, ambako kiangazi hewa hupita nyuzi 45, namba ya mwisho ndiyo yake. Kwa wa Nairobi kuna la ziada: mji uko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, hewa ni pungufu kwa karibu moja ya tano, na supachaja ya aina hii husukuma ujazo ule ule wa hewa hafifu. Daino ya huko ikitumia marekebisho yaliyobuniwa kwa injini za kawaida, itaongeza nguvu ambazo gari halina.

Kinachotushangaza zaidi ni kwamba makala haikugusa tairi hata kidogo. Torki ya Exorcist, yaani nguvu ya kuzungusha, ni ratili-futi 966, sawa na nyutoni-mita 1,310. Gia ya kwanza ya otomatiki ni 4.70, difu 2.85; zizidishe, na magurudumu ya nyuma yanapokea zaidi ya nyutoni-mita 17,000. Kwa tairi la 305/30 la inchi 20, huo ni msukumo wa karibu mara tatu ya uzito wa gari zima. Tairi la barabarani, hata lile zuri linalokuja na gari, hushika zaidi kidogo tu ya uzito uliolilalia. Hata zile 650 za kiwandani tayari zilikuwa nyingi mno kwa gia ya kwanza. Ukikokotoa mahali ambapo tairi za barabarani zinaweza kupokea nguvu zote, ZL1 ya kawaida inafikia hapo kwenye kilomita 125 kwa saa hivi. Yenye 1,000 inafikia karibu 190. Chini ya hapo kompyuta inakata nguvu, au moshi wa tairi unapanda, na magari hayo mawili yakiondoka pamoja kwenye lami ya kawaida hayaachani sana.

Ndiyo maana sekunde chini ya 10 hupatikana kwa tairi laini za mbio zilizopunguzwa upepo, juu ya lami iliyopakwa gundi. Tairi hizo hazifai kwa maili 217, ambayo ni kilomita 349 kwa saa. Kwa mwendo huo unahitaji tairi lenye herufi Y ndani ya mabano, alama ya tairi za kupita kilomita 300 kwa saa, lenye upepo kamili, na hilo nalo haliwezi kukupa sekunde zile. Ni tairi mbili tofauti, kwa hiyo ni magari mawili.

Tukiwa kwenye mwendo wa juu, Chevrolet walipoipima ZL1 kule Papenburg, Ujerumani, walikwenda pande zote mbili: maili 202.3 upande mmoja, 193.3 upande wa pili, wakatangaza 198. Tofauti ya maili 9 ni upepo tu. Namba ya upande mmoja haina maana, na makala haikusema 217 ni ya upande mmoja au wastani. Na mtu asitegemee muujiza: upinzani wa hewa hudai nguvu kwa mchemraba wa kasi, kwa hiyo asilimia 54 za nguvu za ziada zingeongeza kasi kwa asilimia 15 tu hata kama kila kitu kingine ni kile kile. Breki nazo zinabeba asilimia 20 zaidi ya nishati kutoka 217 kuliko kutoka 198. Tungependa kujua kama zimebaki zile zile za Brembo, na mafuta ya breki ni yapi.

Kuhusu sheria tutasema kwa ufupi. Marekani hairuhusu kuondoa kataliti, kisafisha-moshi cha ekzosi, kwenye gari la barabarani, na California hudai kila kifaa cha nguvu kiwe na namba ya idhini ya bodi yao ya hewa. Camaro ya kizazi hiki haikuundwa kiwandani na usukani wa kulia, na Kenya haisajili gari la kawaida la usukani wa kushoto. Msomaji anayeota kulileta aanzie hapo. Anayelitafuta Ghuba kwa mtumba akague namba ya chasi kwenye rekodi za Marekani kabla ya kulipa, maana mengi yamefika huko yakiwa yamegongwa na kufufuliwa.

Tunachoomba kwa tathmini ijayo ni kidogo. Mwandishi adai karatasi ya daino yenye maandishi ya pembeni, kasi ya kuvukia mstari pamoja na sekunde, aina ya tairi kwa kila namba, namba ya RON ya petroli iliyotumika, na rekodi ya kompyuta ya mkimbio mmoja kamili yenye mistari mitano: mizunguko, shinikizo la hewa, shinikizo la petroli, joto la hewa baada ya intakula na muda wa cheche. Faili hiyo haizidi dakika moja kuichukua kwenye plagi ya chini ya dashibodi. Karakana ikikataa kuitoa, chapisheni kwamba imekataa.

Wasomaji wenu,
Mafundi wa injini, Mombasa